Macho yananitoka machozi kutwa, halafu naambiwa ni makavu. Inawezekanaje?

Karani wa Ghala (mtoa uzi) #1
Wakuu, habari za jioni.

Niko Tandahimba, karani wa chama cha msingi. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi nakaa kwenye kompyuta toka saa moja asubuhi, siku nyingine mpaka saa tatu usiku. Jina, kilo, daraja, namba ya akaunti, anayefuata. Mbele yangu dirisha la wakulima, juu pangaboi, nyuma ghala na vumbi la magunia.

Shida ni jicho la kulia, na la kushoto limeshaanza kuiga. Linachoma kama limeingia mchanga, halafu machozi yanashuka yenyewe. Nafuta, naandika, nafuta. Juzi mama mmoja kafika dirishani na stakabadhi yake, akaniangalia, akauliza taratibu, "Baba, mmefiwa?" Foleni nzima ikaanza kunipa pole.

Nikaenda hospitali. Daktari kaniangalia kwa ile darubini yao ya kuegesha kidevu, akasema nina macho makavu. Nikamwambia makavu vipi na leso yangu imelowa? Akacheka, akaandika matone, watu walikuwa wengi nje, nikatoka.

Sasa nauliza wenye ujuzi: jicho linalolia kutwa linakuwaje kavu? Au nimepewa ugonjwa wa aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni?

Mtani Mmwera #2
Hayo ni machozi ya wakulima uliowapunja kwenye mizani. Rudisha kilo za watu, utapona bila matone.

Fundi Charahani #3
Nakaa kitako hapa. Dalili zangu ni hizo hizo ila kompyuta sijawahi kuigusa. Mimi ni sindano na uzi tu.

Boda Newala #4
Pole mkuu. Kwangu ni upepo. Huku juu kusi ikivuma mwezi wa saba unaendesha huku unalia. Abiria anadhani nina huzuni, kumbe naitafuta barabara. Nilinunua miwani ya plastiki ya mafundi wa grenda, ile inayoziba mpaka pembeni. Naonekana kituko ila machozi yamekata. Wewe hupandi pikipiki?

Karani wa Ghala #5
Boda Newala, napanda kwenda na kurudi tu, kama robo saa. Mtani, mizani siyo yangu, mimi naandika ninachosomewa.

Mtani Mmwera #6
Ndivyo wanavyosema wote.

Mpuliza Salfa #7
Hapa mnazunguka mbali. Mtoa uzi, una shamba? Mwezi wa sita mpaka wa nane ulipulizia? Mimi napulizia mikorosho ya watu kwa kibarua. Tunaanza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, ili salfa ishike. Ule unga ukitoka kwenye mdomo wa mashine unarudi usoni. Saa tatu asubuhi macho yanawaka kama umepakwa pilipili. Salfa ikikutana na maji ya jicho inageuka asidi, inaunguza vile vitezi vya machozi. Ndiyo sababu yako hiyo, achana na kompyuta.

Jicho la Tatu #8
Mpuliza Salfa, nakusahihisha kidogo. Salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji. Inayotengeneza asidi kwenye majimaji ni moshi wa salfa inayoungua. Unga wa salfa wa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, unawasha macho kwa kuyakwaruza na kuyachokoza, hilo kweli, lakini ukishaoshwa unatoka. Mtoa uzi analia mwezi wa kumi na moja. Salfa ya Agosti itakuwa imejificha wapi?

Mpuliza Salfa #9
Itakuwa imejificha hapo ghalani kwake. Magunia ya salfa yalihifadhiwa wapi kabla ya korosho kuingia? Muulize.

Karani wa Ghala #10
Hmm. Kweli, ghala ni hilo hilo.

Nesi wa Kope #11
Niko kitengo cha macho, mkoa wa Lindi, siandiki kituo. Naomba nijibu swali lenyewe maana tumeshaingia kwenye magunia.

Machozi siyo maji matupu. Juu ya jicho kuna utando mwembamba sana wenye vitu vitatu. Chini kabisa ute, unaofanya maji yashike kwenye jicho badala ya kuteleza. Katikati maji yenyewe, kutoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa sikio. Juu kabisa mafuta, yanayotoka kwenye vitundu vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, juu na chini. Yule aliyevieleza vitezi hivyo ni Mjerumani Heinrich Meibom, mwaka 1666, kwa hiyo siyo habari ya juzi.

Fikiria mchuzi wa nazi uliopikwa vizuri, mafuta yamekaa juu. Mvuke unatoka kwa shida. Engua yale mafuta, sufuria inakauka upesi. Jicho nalo ni hivyo. Mafuta yakipungua au yakiganda kwenye vitundu, maji yanakauka kabla hujapepesa tena. Sehemu iliyokauka inachoma. Jicho likichomwa linaita msaada, tezi kubwa inafungulia maji mengi kwa mkupuo, kama yale ya kukata kitunguu. Hayo ndiyo yanayolowesha leso yako. Ni maji ya dharura, hayana mafuta ya kutosha, yanamwagika shavuni na jicho linabaki kavu vile vile.

Kwa hiyo daktari hakukosea jina. Alichokosa ni dakika mbili za kukueleza, na kwa foleni zetu simlaumu sana.

Fundi Charahani #12
Mchuzi wa nazi umenieleza kuliko miaka minne ya kwenda na kurudi. Asante dada nesi. Sasa mafuta yanapungua kwa nini?

Nesi wa Kope #13
Fundi, ukiwa unapitisha uzi kwenye tundu la sindano unapepesa macho?

Fundi Charahani #14
Nikipepesa nalikosa tundu.

Nesi wa Kope #15
Basi. Mtu akiwa anaongea tu anapepesa kama mara 15 mpaka 20 kwa dakika. Akikodolea kompyuta, simu, sindano au kitabu, zinapungua mpaka nusu, hata theluthi. Tena mara nyingine kope hazifungi mpaka chini, zinagusa tu na kurudi. Kupepesa ndiko kunakokamua mafuta na kuyapaka juu ya jicho. Hupepesi, mafuta yanaganda kule kule. Sisemi ndiyo sababu pekee kwa karani, nasema ni mojawapo.

Mwana Mikindani #16
Mnasahau samaki. Wazee wetu hapa Mikindani walikula vibua na dagaa asubuhi na jioni, wakashona nyavu kwa taa ya kandili mpaka uzeeni, hakuna aliyelalamika macho makavu. Nyie wa bara mnakula ming'oko na chumvi halafu mnashangaa. Mafuta ya samaki ndiyo mafuta ya jicho.

Boda Newala #17
Ming'oko imekukosea nini wewe? Kuja huku unakula sahani mbili.

Jicho la Tatu #18
Mwana Mikindani, hoja yako ilishapimwa Marekani, majibu yakachapishwa 2018. Watu 535 wenye macho makavu, wengi wao wakapewa mafuta ya samaki miligramu 3,000 kila siku, waliobaki wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua. Mwaka mzima. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti ya maana haikuonekana. Kula kibua kwa kuwa ni kitamu.

Mwana Mikindani #19
Umesema wote walipata nafuu. Labda zeituni nayo ni dawa! Na hao Wamarekani walipewa vidonge, hawakupewa kibua cha moto na ndimu.

Jicho la Tatu #20
Hoja ya zeituni wapo wataalamu walioitoa, sikukatalii. Ya ndimu ni yako peke yako.

Dada wa Chikongola #21
Naomba niingize onyo hapa kabla watu hawajakimbilia madukani.

Mwanzoni mwa 2024 yale macho mekundu yaliyotangazwa na wizara yalipotembea, kaka yangu aliambukizwa akiwa Dar. Akanunua matone kwenye duka moja la dawa, bila cheti wala swali. Siku mbili macho meupe. Yule virusi akaondoka kwa muda wake, ila kaka macho yakawa yanabaki na ukavu na kuwasha, kwa hiyo kila yakiwasha anatia matone yale yale. Kichupa baada ya kichupa, karibu mwaka. Mwishowe akawa anaona pembeni kwa shida. Alipopimwa, presha ya jicho imepanda. Matone yalikuwa na steroidi ndani, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Aliyemuuzia hakumwambia, na karatasi ya maelezo kaka alishaitupa siku ya kwanza.

Sasa anatumia dawa ya presha ya macho kila siku. Alichopoteza pembeni hakirudi.

Nesi wa Kope #22
Dada, pole sana. Watu warudie kusoma #21 mara mbili. Steroidi ina kazi yake, na sisi huwa tunaiandika, lakini kwa muda maalumu na mgonjwa anarudi kupimwa. Ukijitibu nayo inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho mapema. Yale matone ya "kung'arisha" jicho nayo yanabana mishipa tu. Yakiisha nguvu wekundu unarudi na ndugu zake.

Kwa ukavu yapo machozi ya kutengenezwa. Hayana steroidi wala antibiotiki. Tone moja linatosha, jicho halina nafasi ya mawili. Kichupa cha kawaida kikishafunguliwa, siku 28 kitupe hata kama kimebaki nusu. Na ukiona unahitaji zaidi ya mara nne au sita kwa siku, uliza yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi, maana ile dawa ya kuhifadhi ikizidi inachokoza jicho yenyewe.

Fundi Charahani #23
Kichupa changu nilikifungua Ramadhani.

Nesi wa Kope #24
Fundi! Tupa leo.

Kibibi cha Lindi #25
Nisaidieni na la mama yangu. Ana miaka 54, mdomo nao mkavu, hali ugali bila kikombe cha maji pembeni, na vidole vinamuuma asubuhi mpaka hafungui mfuniko wa chupa ya chai. Kompyuta hajui, kompyuta yake ni jembe. Kila anayemuona anasema ni kukoma hedhi, atazoea.

Nesi wa Kope #26
Kukoma hedhi kweli kunachangia ukavu, kina mama wanapata zaidi yetu sote. Lakini macho makavu, mdomo mkavu na viungo kwa pamoja, huyo asiambiwe azoee. Kuna ugonjwa unaitwa Sjögren, kwa jina la daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Katika wagonjwa kumi, tisa ni wanawake. Sisemi ndio anao. Nasema akapimwe damu na aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani, siyo wa macho peke yake. Na meno aangaliwe, mate yakipungua meno yanaoza haraka.

Kibibi cha Lindi #27
Meno mawili yametoka mwaka huu. Nashukuru, wiki ijayo nampeleka.

Mzee wa Chumvi #28
Mimi nimefanya mashamba ya chumvi huku Lindi miaka kumi na nane. Jua linakupiga toka juu, chumvi inakupiga toka chini. Nilidhani macho makavu, kumbe kuna kinyama kimeota kutoka pembe ya pua kuelekea kwenye mboni. Jicho lenye kinyama halilowani vizuri hapo kilipo. Vijana vaeni kofia pana na miwani ya jua, msingoje kama mimi.

Mpuliza Salfa #29
Na kina mama wanaobangua korosho? Ule moshi wa maganda na yale mafuta yake meusi, mtu akijisahau akagusa jicho ni balaa. Bado nasema vumbi na moshi wa kwetu ndio chanzo, haya ya kupepesa ni nyongeza.

Bibi Afya Mstaafu #30
Wanangu, enzi zetu tukisikia "jicho kavu" tulikuwa tunawaza mtoto. Ukosefu wa vitamini A. Kwanza haoni jioni, anagonga vinu na mitungi, kisha jicho linapoteza mng'ao, linaota vidoa kama povu, mwisho linaharibika kabisa. Ndiyo maana mwezi wa sita na wa kumi na mbili watoto wanapewa matone ya vitamini A, wale wa miezi sita mpaka miaka mitano. Msiruke hizo tarehe. Mtoto mwenye jicho kavu msimpeleke kwenye habari za kompyuta.

Na kope zinazoingia ndani kwa sababu ya trakoma, yaani vikope, nazo zinaliza jicho. Kila ukipepesa kope zinakwangua. Mtoa uzi aangaliwe kope zake.

Mwana Mikindani #31
Bibi umenikumbusha. Babu alikuwa akitutia kijiko cha sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka kwenye madau. Harufu yake ilikuwa inabaki mdomoni mpaka Ijumaa. Tulidhani anatuadhibu.

Bibi Afya Mstaafu #32
Ini la papa limejaa vitamini A, babu yako hakuwa mjinga. Ila kisamvu, matembele, maboga, embe bivu na mayai vinatosha, msianze kuwatia watoto mafuta ya dau.

Msomaji Kimya #33
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nilikauka macho miezi mitatu, sababu ilikuwa vidonge vya njano vya mafua, vile vya usingizi. Nilikuwa nameza kila usiku kwa sababu ya chafya za vumbi. Klorfeniramini inakausha pua, ndiyo kazi yake, lakini haichagui pua peke yake. Nilipoacha kwa ushauri wa daktari yakatulia. Mtoa uzi, unameza nini?

Karani wa Ghala #34
Msomaji Kimya umenishtua. Navimeza. Siyo kila usiku, lakini ghalani huwezi kukaa bila kupiga chafya, kwa hiyo siku za kupokea mzigo nameza kimoja nikilala. Na nalala chini ya pangaboi, linapiga usoni moja kwa moja, bila hivyo kwa joto hili nitalala nje na mbwa.

Mtani Mmwera #35
Kompyuta, pangaboi, vidonge, salfa, vumbi, pikipiki. Ndugu yangu, wewe swali lako lingekuwa jicho limewezaje kuwa zima mpaka leo.

Jicho la Tatu #36
Lakini jamani, Mtwara na Lindi ni pwani, hewa ina unyevu kiasi cha chumvi kulowa kwenye kopo. Ukavu unatoka wapi? Nchi za baridi na majangwa naelewa.

Boda Newala #37
Pwani ni kwenu. Newala iko juu, njoo mwezi wa saba uone hiyo hewa yenye unyevu.

Nesi wa Kope #38
Na pangaboi halijali unyevu. Upepo ukipita juu ya nguo iliyoanikwa inakauka hata Mikindani.

Karani wa Ghala #39
Wakuu, nimerudi na mrejesho baada ya siku tisa. Nimekwenda tena, safari hii Mtwara mjini, nikawahi saa kumi na mbili asubuhi na maswali yenu nimeyaandika nyuma ya daftari la mzigo.

Wamenipima mara mbili. Kwanza karatasi nyembamba, imekunjwa ncha, unachomekewa ndani ya kope ya chini kwa pembeni, unafumba macho dakika tano. Imelowa milimita 14 kulia, 12 kushoto. Wakasema maji yapo. Kisha rangi ya manjano, wakazima taa, wakawasha mwanga wa bluu, nikaambiwa usipepese. Daktari anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne... "umekatika." Ule utando unatakiwa ukae sekunde kumi na zaidi, wangu unachanika kwa nne. Akabonyeza ukingo wa kope kwa kijiti cha pamba, akaniambia mafuta yangu yanatoka kama dawa ya meno, na yalitakiwa yatoke kama ya kupikia. Kope haziingii ndani, bibi, nimeuliza.

Ameniambia nikande macho kwa kitambaa cha moto dakika kumi asubuhi na jioni, kisha nisugue kope taratibu kuelekea kwenye ukingo, matone mara nne, pangaboi ligeukie miguu. Kila dakika 20 niangalie mbali kwa sekunde 20. Kuhusu vidonge alisema nivisimamishe tuone.

Jicho la Tatu #40
Karatasi 14 na 12? Kwa kipimo hicho huna macho makavu. Ukavu unahesabiwa chini ya 10, wengine wanasema chini ya 5.

Nesi wa Kope #41
Karatasi inapima maji. Shida yake ni mafuta. Mtu anaweza kufaulu karatasi akafeli rangi.

Mpuliza Salfa #42
Na kilichogandisha hayo mafuta ni nini? Hakuna aliyesema. Mimi bado niko na magunia yangu.

Karani wa Ghala #43
Nilimuuliza hilo, Mpuliza. Akasema "vyote vinaweza." Nikaona nisibishane, nyuma kulikuwa na mzee mwenye fimbo anaguna.

Ila kitambaa kinapoa ndani ya dakika moja, mke wangu amechoka kuchemsha maji.

Dada wa Chikongola #44
Tia mchele mkavu kwenye soksi safi, funga, upashe kikaangoni kidogo, jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono usije ukaungua. Unakaa na joto.

Mtani Mmwera #45
Mchele wa kulala nao machoni? Makarani mna hela. Tia korosho kabisa.

Boda Newala #46
Tukiwa kwenye korosho, mnada wa juzi imeishia ngapi? Nimesikia bei mbili tofauti.

Karani wa Ghala #47
Usinipeleke huko, hiyo ndiyo itanitoa machozi ya kweli. Leo ni siku ya sita nakanda. Mchanga umepungua jicho la kushoto, la kulia bado. Sijui ni mchele, pangaboi au vidonge, nimebadilisha vyote kwa pamoja.

Jicho la Tatu #48
Ulitakiwa ubadilishe kimoja kimoja.

Karani wa Ghala #49
Mkuu, jicho ni langu.

Fundi Charahani #50
Nimepangiwa Jumatatu. Hiyo karatasi inauma?

Karani wa Ghala #51
Haiumi, inatekenya. Utalia tu, na safari hii ukilia ndiyo unafaulu.